Alama ya Pasi Kwenye Kifuniko

Jeneza likishaanza kuungwa katika karakana ya Peniel, hakuna aliyeruhusiwa kulitazama isipokuwa wenye msiba. Hilo ndilo lilikuwa sharti lake. Alilishika tangu alipofungua kazi pale Misigiri, akalivunja mwaka juzi kwa mkono wake mwenyewe, mchana kweupe, akiwa na akili zake timamu.

Asiyepajua Misigiri anaweza kuliona sharti hilo kuwa ni ushamba. Mafundi wengi siku hizi hupanga majeneza kando ya barabara kama wanavyopanga makochi, na sisi tumeshazoea kupita mbele yake tukila mahindi ya kuchoma. Lakini karakana ya Peniel iko karibu sana na mahali ambapo mabasi yanashusha abiria wa Kiomboi na wa vijiji vya jirani. Na kwetu mtu akifariki, mwanawe aliye mbali haambiwi kwenye simu. Anaambiwa mgonjwa amezidiwa, njoo. Atasafiri na wasiwasi, ndiyo, lakini atasafiri na tumaini pia. Akishuka kwenye basi anamkuta mama mkubwa au shangazi amesimama na wanawake wa kanisani, wanampokea mizigo, wanamshika mikono hadi nyumbani. Habari yenyewe anapewa akiwa ameketi, ana bega la kuegemea.

Sasa mtu huyo ashuke na kitu cha kwanza kukiona kiwe jeneza lenye msalaba ulioandikwa jina la mama yake. Peniel alikuwa amelifikiria jambo hilo kabla halijamtokea mtu yeyote. Alitundika turubai la buluu upande wote wa barabara, na kazi za misiba akazifanyia nyuma yake. Vitanda, milango na madirisha vilikaa mbele.

Nilimfahamu kwa miaka mingi, nimekaa naye katika kamati za mazishi zaidi ya ninavyoweza kukumbuka. Hakuwa mtu wa maneno. Akipigiwa simu ya msiba alikuja mwenyewe na futi yake mfukoni, akapima bila kumsumbua mtu, akaondoka. Hakuwahi kubishania bei mbele ya anayelia. Kwa ajili hiyo familia za Misigiri hazikuwa na haja ya kutafuta fundi wa jeneza. Zilikuwa naye tayari, namba yake iko kwenye simu ya kila mzee wa kanisa na kila kiongozi wa ukoo.

Aliyemletea habari za mitandao ni Chediel, mtoto wa kaka wa mkewe, kijana mwenye familia yake ambaye ana duka la vifaa vya simu pale stendi. Siku moja alikuja akakaa juu ya kitanda kilichokuwa bado kinanukia vanishi.

"Inuka hapo, hakijakauka," Peniel akamwambia.

"Anko, unajua biashara isiyoonekana kwenye simu siku hizi ni kama haipo?"

"Ipo. Umeikalia."

Dorkas, mke wa Peniel, alikuwa anamenya viazi mlangoni. Akacheka. "Baba Eliza, mjibu vizuri mtoto wa watu. Suruali yenyewe keshaiharibu."

"Mimi nimekuja kwa sababu ni ndugu," Chediel akasema, akijipangusa. "Mtu wa Shelui anayetaka kitanda atajuaje kama upo?"

"Atauliza."

"Hawaulizi, anko. Wanaangalia."

Na hapo Chediel alisema kweli, lazima nikiri. Alimfungulia Peniel ukurasa, akamfundisha kupiga picha mwanga ukiwa nyuma yake, akamfundisha kuweka stetasi kwenye WhatsApp. Kabla msimu wa mavuno haujaisha watu walikuwa wanapiga simu kutoka Shelui, Kinyangiri, hata Singida mjini, wanaulizia kitanda cha maua au mlango wa paneli. Maharusi walituma picha na kusema tunataka kama hiki. Peniel akalazimika kuongeza fundi.

Sioni ubaya katika hilo. Mtu anayenunua kitanda anataka kukitazama, akionyeshe kwa mwenzake, akilinganishe na kingine, afikirie, aje mwisho wa mwezi. Bidhaa ya namna hiyo inafaa kuwekwa mahali watu wanapopita wakitazama, na simu ndiyo njia watu wanayopita siku hizi. Lakini mafanikio yana tabia mbaya. Mtu akiona kitu kimefaa mahali pamoja, anaacha kujiuliza kama kitafaa pengine.

Chediel akarudi. Safari hii hakukaa kwenye kitanda.

"Anko, sasa tuweke na yale mengine."

"Yapi?"

"Ya nyuma ya turubai."

Peniel aliweka randa chini. "Wewe Chediel, una akili? Nani anashika simu kutafuta jeneza? Alipende, alilipie kidogo kidogo?"

"Yule fundi wa mjini anaweka. Ana wafuasi kibao. Watu wanakomenti."

"Wanakomenti nini kwenye jeneza? Hongera?"

Dorkas alicheka mpaka akaweka kisu chini, na hata Chediel akacheka. Maneno yakaishia hapo.

Ningependa wafanyabiashara wote wa mkoa huu walisikie swali lile, kwa sababu lilitosha. Nani anayenunua kitu hiki, na anakuja akiwa katika hali gani? Anataka kukichagua, au anataka kuondolewa mzigo wa kuchagua? Na kitu chenyewe, kabla hakijatoka mikononi mwangu, ni cha nani? Peniel alilijibu kwa mzaha, akiwa na vumbi la mbao kwenye nyusi, na alilijibu sawasawa. Kinachonishtua hadi leo ni kwamba mtu anaweza kuwa na jibu sahihi mdomoni na bado akatenda kinyume chake.

Kuna mama mmoja aliitwa Raheli, wengi tulimwita Mama Stefano, kwa jina la mwanawe mkubwa. Mumewe marehemu alimwachia meza ndefu ya mninga, mbao pana za zamani ambazo huzipati tena. Juu ya meza ile palikuwa na alama nyeusi ya pasi ya mkaa. Aliyeiunguza ni binti yake, Loyce, alipokuwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Alikuwa anapiga pasi sare yake, akatoka nje kuangalia ngoma ya harusi inapita, pasi akaisahau. Alichapwa, na baadaye hadithi ile ikawa ya kuchekesha kila Krismasi. Loyce alipoolewa Morogoro, mama yake alikuwa akifuta meza, akifika pale kwenye alama anasema, "Huyu naye hajanipigia leo."

Alipoanza kuumwa alimwita Peniel nyumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unaiona hii meza?"

"Naiona. Mbao ya kweli hii."

"Nikifa, unifanyie kifuniko."

"Mama, na wewe! Utapona."

"Nimekuita unipe matumaini, au nimekuita kama fundi?" Akapapasa ile alama kwa vidole. "Na hapa usipapige randa. Piga kwingine kote ung'arishe unavyojua, hapa paache. Hii ni ya Loyce. Nataka akija kuniaga aione."

Peniel aliahidi. Maneno haya aliyarudia mwenyewe mbele yetu baadaye, kwa hiyo hawezi mtu kusema hakujua alama ile ni ya nani.

Raheli alifariki mwezi wa sita, siku ya Jumanne. Stefano alipiga simu tatu tu kabla ya kuwaambia majirani: moja kwa mchungaji, moja kwa shangazi yake Rebeka, moja kwa Peniel. Akaeleza wazi. Loyce ana mimba, na kabla ya hiyo amepoteza mbili. Daktari wake alishaonya juu ya presha. Ameambiwa mama amelazwa Kiomboi, hali si nzuri, aje. Atafika Jumatano jioni. Shangazi Rebeka atampokea kituoni na akina mama wawili, na muuguzi wa zahanati atakuwa nyumbani akisubiri. Hadi hapo, hakuna mtu kumpigia Loyce, hakuna mtu kuandika chochote kwenye kundi la ukoo.

"Umenielewa, fundi?"

"Nimekuelewa. Poleni sana."

Kijiji kizima kilishika. Nataka hilo lijulikane. Wajukuu walinyang'anywa simu. Kwaya ilijizuia kutuma tangazo. Jirani mmoja aliyempenda sana marehemu alipigiwa na Loyce mwenyewe akiwa njiani, akajikaza, akasema mama anakunywa uji kidogo, kisha akakata simu na kuanguka kwenye mkeka akilia. Watu wasio na elimu kubwa, wasio na ukurasa wowote, walibeba siri ile kama wanavyobeba maji kichwani.

Jumatano saa sita mchana Peniel alimaliza. Wote waliolibeba jeneza lile, nami nikiwa mmoja wao, wanasema hawajaona kazi kama ile. Mninga ule ulitoka mwekundu wenye mishipa ya rangi ya asali, pembe zimeshikana bila msumari kuonekana, na katikati ya kifuniko alama nyeusi ya pasi, imezungukwa na mng'aro wa vanishi. Alikuwa peke yake nyuma ya turubai. Alilitazama. Akatoa simu.

Alijieleza baadaye kwamba alikuwa mwangalifu. Msalaba wenye jina aliuondoa, akauegemeza ukutani. Alisogea hadi pembeni pasionekane kitu kingine. Hakutaka watu wajue ni jeneza la nani. Alitaka tu mbao ionekane. Miezi ile yote alikuwa amezoea, kila kazi ikiisha anapiga picha, na kabla mkono haujakauka vanishi watu wanaandika: kazi safi, fundi, mikono ya dhahabu hiyo. Alikuwa ameshaizoea sifa kama mtu anavyozoea sukari kwenye chai. Akaweka picha kwenye stetasi. Chini yake akaandika maneno yale yale aliyokuwa akiandika chini ya vitanda: "Mninga halisi. Kazi ya mikono. Karibuni wote."

Karibuni wote! Juu ya jeneza!

Na watu wakasifu. Hilo nalo lilinishtua kuliko nilivyotarajia kushtuka katika umri huu. Waumini wenzetu, watu wazima, waliweka makopa mekundu. Mmoja aliandika, "Hapo umeua, fundi." Peniel alikaa kwenye gogo, akasoma moja baada ya jingine huku anatabasamu. Ukaingia ujumbe mwingine. Akaufungua.

"Shikamoo fundi. Samahani, hiyo alama ya pasi ni ya meza yetu?"

Namba ya Loyce ilikuwa kwenye simu yake tangu mwaka aliomtengenezea mama yake mlango. Loyce ndiye aliyeuagiza kutoka Morogoro, na ndiye aliyemsumbua kwa simu hadi ukaisha. Siku zote Peniel alipoweka stetasi aliwaza watu asiowajua: wateja wa Shelui, wateja wa mjini. Hakuwahi kukaa akajiuliza wa kwanza kuiona ni nani. Wa kwanza ni wale wanaokujua. Ni majirani zako, watoto wa majirani zako, watu uliowafanyia milango.

Aliitazama simu. Kwenye simu ya Loyce alama mbili za ujumbe zilikuwa zimeshageuka buluu; alikuwa anaona kwamba fundi ameusoma.

Ukaingia mwingine. "Fundi?"

Akaifuta picha. Hilo ndilo likawa jibu. Loyce alikuwa anaitazama, ikatoweka machoni pake.

Dorkas alisikia mumewe anaita, sauti si yake. Alimkuta amesimama, simu ameishika mbali na mwili kama kitu kinachounguza.

"Nini? Baba Eliza, nini?"

"Nimemwambia," akasema. "Nimemwambia Loyce."

"Umempigia?"

"Sijampigia. Nimemwonyesha."

Basi lilikuwa halijafika Manyoni. Waliokuwemo walimweleza Stefano kwamba yule dada alikuwa kimya tangu Dodoma, amekumbatia chupa mpya ya chai aliyomnunulia mgonjwa, kisha akasimama katikati ya abiria na kuanza kumuuliza mmoja mmoja, kwa adabu kabisa, "Samahani, mama yangu amefariki?" Watu walidhani amechanganyikiwa. Alipofika kwa kondakta, akaanguka. Mama mmoja wa Itigi, mwenye hijabu, mtu asiyemjua kabisa, alikaa sakafuni akampakata kichwa hadi basi likasimama Manyoni, akashuka naye kumpeleka hospitali, akauacha mzigo wake mwenyewe uende na basi.

Jioni shangazi Rebeka alisimama kituoni Misigiri na akina mama wawili, kama ilivyopangwa. Simu ya hospitali ilikuwa haijamfikia Stefano, na Peniel alikuwa bado anatafuta namna ya kulisema. Basi likasimama. Akina mama wakasogea mlangoni, mikono tayari. Akashuka kondakta, ameshika begi na chupa ya chai.

"Nani hapa ni ndugu wa yule dada?"

Rebeka hakupiga kelele. Alikaa chini pale pale kwenye changarawe, akaivuta ile chupa mapajani, na ilibidi wale wawili walioletwa kumshika Loyce wamshike yeye.

Peniel alitoka nyuma ya turubai, akavuka hadi alipokuwa shangazi, akaeleza mbele ya watu wote, bila kujitetea. Naandika hilo kwa sababu ni haki yake. Stefano alifika akiwa amekwisha sikia. Wengi tulidhani atampiga.

"Nilikuuliza kama umenielewa," Stefano akamwambia.

"Uliniuliza."

"Ukasema umeelewa."

"Nilisema."

"Sasa ulichoelewa ni kipi, fundi? Hebu nieleze. Maana mimi nilikataza hadi watoto."

Chediel, aliyekuwa amesimama nyuma, alianza, "Kaka, yeye hakuweka jina…" na Rebeka, akiwa bado chini, akamkata: "Nyamaza, mwanangu. Ile alama ndiyo ilikuwa jina."

Daktari wa Manyoni alisema Loyce asisogezwe. Presha ilikuwa juu, na mimba ilikuwa ikitishia kutoka; alale, asipande gari hata la wagonjwa. Alhamisi, siku iliyopangwa kuzika, Stefano alitaka mazishi yasogezwe mbele. Lakini kaburi lilikuwa limeshachimbwa asubuhi, na wazee wa ukoo wakasema kaburi lililochimbwa halilali wazi. Walibishana hadi saa tisa. Wakapiga Manyoni mara ya mwisho, daktari akarudia lile lile. Tukazika.

Wakati wa kuaga, kila aliyepita alitazama alama ile kwenye kifuniko, maana habari ilikuwa imeenea. Tuliitazama sisi ambao haikuachwa kwa ajili yetu.

Mtoto alinusurika, Mungu anajua kwa nini alituhurumia hapo. Ni wa kike. Mwezi wa kumi na mmoja Loyce alikuja Misigiri, na baada ya kutoka makaburini alikwenda karakana, mtoto mgongoni. Nilikuwepo, nimefuata fremu ya dirisha. Peniel alipomwona alisimama, akavua kofia.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama. Pole. Mimi…"

"Sijaja kwa hilo. Nataka kukuuliza kitu kimoja. Uliipiga randa?"

"Ipi?"

"Alama yangu."

"Hapana. Mama alikataza."

"Alisemaje?"

"Alisema ni yako. Alisema ukija kumuaga uione."

Loyce aliinama kidogo, akamrekebisha mtoto mgongoni. Alipoinua uso haukuwa na hasira, na nadhani Peniel angependelea hasira.

"Basi ungenisubiri, fundi," akasema. Akaondoka.

Ukurasa wa Peniel bado upo, una vitanda na milango, na wateja wa Shelui bado wanapiga simu. Kwa bidhaa hizo anastahili kuwa nao. Stetasi ameacha. Turubai la buluu bado limetundikwa, lakini nyuma yake kwa sehemu kubwa kumebaki mbao tupu, kwa kuwa familia nyingi za hapa siku hizi zinaagiza majeneza Kiomboi. Chediel amemshauri atangaze zaidi. Peniel anaendelea kupiga randa.

Raheli aliiacha alama ile kwenye kifuniko ili binti yake aione na kuigusa siku ya kumuaga. Loyce aliiona kwenye simu, ndani ya basi, katikati ya watu asiowajua. Kifuniko kilifukiwa kabla hajafika, naye hakumzika mama yake.